Dawa Moja, Miili Tofauti: Kwa Nini Tiba ya Mawazo Sumbufu Humfaa Mmoja na Kumchelewa Mwingine

Matini ya mada ya afya ya akili kwa wakazi wa kata



Katika familia zinazouguza mgonjwa wa akili, kuna swali moja linaloleta mfarakano kuliko mengine. Ikiwa ugonjwa ni ule ule, na dawa ni ile ile, kwa nini mmoja amepata nafuu na mwingine angali anateseka? Swali hilo likikosa jibu, hujibiwa kwa tuhuma. Mgonjwa huambiwa hataki kupona, dawa hudhaniwa kuwa ni bandia, tabibu huonekana hajui kazi, na pengine jirani husingiziwa mambo asiyoyajua. Mwisho wa tuhuma zote hizo huwa mmoja: mgonjwa huacha dawa.

Mada hii inalijibu swali hilo kwa kuutazama ugonjwa mmoja ambao wengi wanao na wachache huusema: ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kujirudia. Jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja ni urithi, yaani vinasaba ambavyo kila mtu huzaliwa navyo. Upande wa pili ni mazingira, yaani chakula, tumbaku, dawa nyingine, muda uliopotea kabla ya tiba, na namna watu wa nyumbani wanavyoishi na mgonjwa. Upande wa kwanza hauwezi kubadilishwa na mtu yeyote. Upande wa pili, kwa sehemu kubwa, umo mikononi mwa mgonjwa, familia yake na kituo cha huduma.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu una sehemu mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni mawazo, picha au misukumo inayomjia mtu bila ridhaa yake: hofu ya uchafu, shaka kwamba mlango haukufungwa, au picha ya kutisha ya kumdhuru mtoto ambaye mtu huyo anampenda kuliko nafsi yake. Ya pili ni vitendo anavyojiona analazimika kuvifanya ili kuituliza hofu hiyo: kunawa mikono hadi ngozi inachunika, kurudi kukagua kufuli mara kumi, kuhesabu, kupanga vitu, au kurudia sala tangu mwanzo kwa shaka kwamba neno moja halikutamkwa sawasawa. Katika miji ya pwani anafahamika mtu anayerudia kutawadha hadi wakati wa sala unampita. Watu husema ana wasiwasi. Neno hilo limetumika kwa vizazi vingi, na hali inayotajwa nalo mara nyingi ndiyo hii.

Kila mtu hukagua mlango mara moja moja. Hali huitwa ugonjwa pale mawazo na vitendo hivyo vinapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinapoharibu kazi, masomo na ndoa. Kati ya mtu 1 na watu 3 katika kila 100 huupata wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au katika ujana. Wengi wao wanajua vyema kwamba hofu yao haina msingi, lakini kujua huko hakuwapi nguvu ya kuacha. Kwa hiyo si ukaidi, si upungufu wa imani, wala si malezi mabaya.

DAWA NA MUDA WAKE

Dawa zinazotumiwa kwanza ni zile zinazoongeza kazi ya serotonini, kemikali ambayo chembe za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe. Chembe moja huimwaga katika nafasi iliyo kati yake na jirani yake, kisha huivuta irudi ndani. Dawa hizi huzuia kuvutwa huko, ili kemikali ikae pale kwa muda mrefu zaidi. Miongoni mwazo ni fluoksetini, sertralini, fluvoksamini na paroksetini. Ipo pia dawa ya zamani kuliko hizo, klomipramini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu hasa.

Nafuu hupimwa. Mwaka 1989, Wayne Goodman na wenzake wa vyuo vikuu vya Yale na Brown nchini Marekani walichapisha kipimo cha maswali chenye alama kuanzia 0 hadi 40. Kwa kawaida mgonjwa huhesabiwa kuwa ameitikia tiba pale alama zake zinaposhuka kwa asilimia 35 au zaidi. Aliyeanza na alama 30 akashuka hadi 19 amepata nafuu kubwa, ingawa bado anasumbuliwa. Takriban nusu ya wanaotumia dawa ya kwanza ipasavyo hufikia nafuu ya namna hiyo. Waliobaki hupata nafuu ndogo au hawapati kabisa, na hao huhitaji dawa nyingine, kipimo kingine au tiba ya nyongeza.

Katika maelezo hayo, neno lenye uzito ni «ipasavyo». Ugonjwa huu hauitikii dawa kwa haraka. Daktari huhitaji wiki 8 hadi 12 ndipo aseme kwamba dawa imefaulu au imeshindwa, na mara nyingi kipimo kinachohitajika ni kikubwa kuliko kile anachopewa mgonjwa wa sonona. Anayeacha katika wiki ya tatu kwa sababu haoni mabadiliko bado hajaijaribu dawa. Amepata kichefuchefu na kukosa usingizi, ambayo huja mapema, na ameondoka kabla ya nafuu, ambayo huchelewa.

UPANDE WA URITHI

Kwamba ugonjwa huu una sehemu ya kurithi kunajulikana kutokana na uchunguzi wa mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa hushiriki vinasaba vyote. Mapacha wasiofanana hushiriki nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Kwa kulinganisha makundi hayo mawili, wataalamu wamekadiria kwamba kwa watoto kati ya asilimia 45 na 65 ya tofauti baina ya mtu na mtu katika dalili hizi hutokana na urithi, na kwa watu wazima kati ya asilimia 27 na 47. Hesabu hiyo haimaanishi kwamba mtoto wa mgonjwa lazima augue. Wengi hawaugui.

Wala hakuna jeni moja linaloleta ugonjwa huu. Mwaka 2025 ulichapishwa uchambuzi uliohusisha wagonjwa zaidi ya 53,000 na watu zaidi ya milioni 2 wasio na ugonjwa huo, ukaonyesha maeneo 30 ya vinasaba yanayohusiana nao. Kila eneo lina mchango mdogo sana, na ni wingi wake unaoongeza uwezekano.

Hata hivyo, vinasaba vinavyochangia kuleta ugonjwa si lazima viwe ndivyo vinavyoamua kama dawa itafanya kazi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya wagonjwa 804 waliokuwa wametumia dawa hizi, wakitafuta alama inayowatenganisha walioitikia na wasioitikia. Walipata dokezo karibu na jeni liitwalo DISP1, lakini dokezo hilo halitoshi kumwongoza daktari katika kuchagua dawa. Hadi sasa hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema mapema dawa ipi itamponya nani. Anayeuza kipimo kwa ahadi hiyo anauza ahadi tupu.

Mahali ambapo vinasaba vinasema waziwazi zaidi ni kwenye ini. Dawa ikishamezwa, ini huivunjavunja kwa kutumia vimeng'enya ili itoke mwilini. Viwili kati ya hivyo vinahusika sana hapa, navyo hutajwa kwa alama CYP2D6 na CYP2C19. Cha kwanza hushughulikia paroksetini, fluvoksamini, fluoksetini na sehemu ya klomipramini. Cha pili hushughulikia sertralini na sehemu nyingine ya klomipramini. Mtu aliyerithi kimeng'enya kivivu hubaki na dawa nyingi katika damu, hivyo kipimo cha kawaida humletea maudhi makali. Aliyerithi kimeng'enya chenye kasi kupita kiasi huipoteza dawa kabla haijafanya kazi, na huonekana kana kwamba hakumeza kitu. Mwaka 2014 watafiti nchini Kanada walieleza kwamba wagonjwa wa mawazo sumbufu ambao CYP2D6 yao haikuwa ya kasi ya kawaida walikuwa wamejaribu na kushindwa na dawa nyingi zaidi kuliko wenzao.

Jambo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 2001 watafiti walieleza umbo la jeni la CYP2D6 lipewalo namba 29, ambalo ni la kawaida miongoni mwa Watanzania na ambalo hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho. Umbo jingine, namba 17, limeenea katika sehemu nyingi za Afrika, nalo pia hupunguza kasi. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni hilo, jambo linaloongeza kasi. Tanzania na Ethiopia zote zimo Afrika Mashariki, lakini katika jambo hili miili ya watu wake haifanani. Basi kipimo kilichoandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya ni mahali pa kuanzia tu, na marekebisho hutegemea mgonjwa aliye mbele ya daktari.

UPANDE WA MAZINGIRA

Pengine uchunguzi unaofundisha zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2002. Watafiti waliwalinganisha Waethiopia wanaoishi Ethiopia na Waethiopia wanaoishi Uswidi, wakapima jeni la CYP2D6 na pia kasi ya kimeng'enya chenyewe. Ilionekana kwamba watu wenye jeni la aina moja hawakuwa na kasi moja: waliobaki Ethiopia walivunja dawa ya majaribio polepole kuliko wenzao waliohamia Uswidi. Damu ilikuwa moja, nchi mbili, na kazi ya ini ikatofautiana. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1998, uchunguzi mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba Watanzania waliopimwa walivunja dawa zinazoshughulikiwa na CYP2C19 kwa kasi ndogo kuliko jeni zao zilivyotabiri. Jeni humpa mtu uwezo fulani; anachokula na anapoishi huamua kiasi gani cha uwezo huo kitumike.

Yapo mambo ya kila siku yanayojulikana kubadili kazi ya dawa hizi.

Tumbaku. Moshi wake huchochea kimeng'enya kingine cha ini, CYP1A2, ambacho huvunja fluvoksamini na klomipramini. Mvutaji hubaki na dawa kidogo katika damu. Akiacha kuvuta ghafla, dawa huongezeka mwilini ilhali kipimo hakikubadilishwa. Kuacha tumbaku ni jambo la heri, lakini daktari aelezwe.

Balungi. Maji ya tunda hili hupunguza kazi ya baadhi ya vimeng'enya vya utumbo, hivyo yanaweza kuongeza kiasi cha dawa kinachoingia katika damu.

Dawa nyingine. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, huamsha vimeng'enya vingi vya ini na inaweza kuipunguzia nguvu dawa ya akili. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengine huipata kinyume cha taratibu, ikichanganywa na dawa hizi inaweza kuongeza serotonini kupita kiasi, na kuleta homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kifo. Klomipramini ikitumiwa pamoja na fluvoksamini au fluoksetini bila usimamizi huweza kupanda hadi kuudhuru moyo. Dawa za asili zisizojulikana zilivyochanganywa nazo zitajwe kwa tabibu bila kuona haya.

Muda uliopotea. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa anayekaa zaidi ya miaka miwili bila tiba huwa na nafasi ndogo ya kuitikia dawa kuliko anayeanza mapema. Miaka inayopita katika kuficha aibu haipiti bure.

NYUMBA KAMA SEHEMU YA TIBA

Mazingira hayaishii kwenye chakula na moshi. Watu wa nyumbani humpenda mgonjwa wao, na kwa upendo huo huanza kuutumikia ugonjwa badala ya kumtumikia yeye. Mama huchota ndoo nne za maji ili kijana anawe atakavyo. Mume hujibu mara ishirini kwamba jiko limezimwa. Watoto huvua nguo mlangoni kabla ya kuingia ndani. Kila tendo la namna hiyo humtuliza mgonjwa kwa dakika chache, kisha huithibitishia hofu yake kwamba kweli kulikuwa na hatari. Tangu miaka ya 1990 tafiti zimehusisha hali hii na dalili kali zaidi na matokeo duni ya tiba.

Kuiacha ghafla na kwa ukali pia si sawa. Njia iliyo salama ni kukubaliana na mgonjwa, kwa msaada wa mtaalamu, kupunguza hatua kwa hatua: leo jibu moja badala ya ishirini, wiki ijayo ndoo tatu badala ya nne.

Hiyo ndiyo misingi ya tiba ya mazoezi, ambamo mgonjwa huikabili hofu yake kidogo kidogo bila kufanya kitendo cha kuituliza, hadi hofu yenyewe inapopungua. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi wagonjwa wawili mjini London walivyosaidiwa kwa njia hiyo. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 122 nchini Marekani. Katika waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 8 waliitikia. Kwa klomipramini peke yake, asilimia 42. Kwa tiba ya mazoezi peke yake, asilimia 62. Na kwa vyote viwili, asilimia 70. Hivyo anayeambiwa kwamba mwili wake haukuitikia dawa hajafika mwisho wa njia. Bado kuna tiba isiyotegemea kasi ya ini lake.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Huduma huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa husikilizwa na, inapohitajika, hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Kwa kuwa maabara za kupima vimeng'enya hazimo katika ngazi hiyo, kipimo kilichopo ni kumbukumbu sahihi. Mgonjwa au ndugu yake aandike katika daftari jina la kila dawa, kipimo chake, tarehe ya kuanza, maudhi yaliyotokea na siku yalipotokea. Daftari hilo huweza kumwonyesha daktari kama mgonjwa ni wa kasi ndogo au kubwa: maudhi makali kwa kipimo kidogo ni dalili moja, kukosa athari yoyote kwa kipimo kikubwa baada ya wiki nyingi ni dalili nyingine.

Tabibu aelezwe juu ya tumbaku, pombe, ujauzito, dawa za kifua kikuu, malaria, VVU na maumivu. Aelezwe pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa huu, na dawa gani ilimfaa au kumdhuru.

Dawa ya mtu mmoja isitumiwe na mwingine, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Kidonge kilichomfaa kaka kinaweza kumlevya dada.

Dawa isiachwe ghafla. Anayepata nafuu kwa kawaida hushauriwa kuendelea kwa mwaka mmoja au miwili, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi. Kijana aliyeanza dawa hizi, hasa aliye chini ya miaka 25, aangaliwe kwa karibu katika wiki za mwanzo. Akianza kuzungumzia kujidhuru, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Upande wa watoa huduma nao una wajibu wake. Kukatika kwa dawa kituoni ni sehemu ya mazingira ya mgonjwa kama ilivyo tumbaku. Mgonjwa aliyefika wiki ya saba na kuambiwa dawa imekwisha amepotezewa wiki saba, na jina lake huingia katika orodha ya walioshindwa na dawa ilhali dawa ndiyo iliyomkosa. Kwa hiyo wananchi watoe taarifa mapema kwa kamati ya kituo wanapoikosa dawa, na kamati ilifikishe jambo hilo panapohusika kabla rafu haijawa tupu.

Ndugu wananchi, hakuna aliyechagua ini lake wala ukoo wake. Anayechelewa kupona hajashindwa na wala hajalaaniwa. Mwili wake unahitaji kipimo kingine, muda mwingine au njia nyingine. Akirudi kliniki na daftari lake mkononi, na akikuta nyumbani watu wanaojua kwa nini anachelewa, nafasi yake ya kupona huongezeka.